Battle Chasers: mchoro hatari, hadithi haijui inamfuata nani

Ngoja niseme mapema ili tusije tukagombana huko chini: Battle Chasers ni moja ya komiki zilizochorwa vizuri kuliko zote nilizowahi kushika, na mtu akiniambia nitaje tano bora za fantasia kwa upande wa mchoro tu, hii haikosi. Na bado kila nikiifungua naishia kuumia, kwa sababu hadithi yenyewe imetawanyika kinoma, inaanza vizuri mno afu inapotea, unafika toleo la tisa hujui tena ulikuwa unamfuata nani na alikuwa anaelekea wapi. Siandiki kuiponda. Naandika kwa sababu naipenda, na kwa sababu nawaona vijana wengi wanaochora siku hizi, hapa Bongo na Nairobi pia, wanajifunza kwa kunakili wachoraji wa aina hii, na wanachukua vyote kwa pamoja, uzuri na ugonjwa wake.

Kwa ambao hawaijui, mwenye kazi ni Joe Madureira, Mmarekani, mashabiki wanamwita Joe Mad. Aliingia Marvel akiwa bado kijana mdogo kabisa, na kuanzia 1994 mpaka 1997 ndo alikuwa anachora Uncanny X-Men, hapo ndo jina lake likapaa. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuwa amekulia kwenye anime na magemu ya Kijapani, akaichukua ile staili akaipeleka kwenye komiki za mashujaa wa Marekani, macho makubwa, ngumi kubwa, nywele zinazopaa, watu wanaoruka kama hawana mifupa. Leo kila mtu anachora hivyo, lakini miaka ile ilikuwa kitu kipya na kuna wasomaji wa zamani waliikasirikia kweli. Mwaka 1998 yeye, J. Scott Campbell na Humberto Ramos wakaanzisha lebo yao, Cliffhanger, chini ya WildStorm, kampuni ya komiki ya mchoraji Jim Lee, kila mmoja na komiki yake. Campbell alikuwa na Danger Girl, Ramos alikuwa na Crimson, Madureira akaja na Battle Chasers. Toleo la kwanza likatoka Aprili 1998.

Sasa tuongelee mchoro maana hapo ndo utamu ulipo.

Kitu cha kwanza ni maumbo. Madureira ana kipaji cha kukupa mhusika ambaye ukimpaka rangi nyeusi mwili mzima, ukabakiza kivuli tu, bado unamjua. Gully ni mtoto mdogo wa kike mwenye glavu za chuma kubwa kupita kiasi, mikono inakaribia kumzidi mwili. Calibretto ni golem wa vita, mashine, bonge la mtu la chuma, mabega kama mlango wa geti na kichwa kidogo kimezama katikati. Garrison ni mpiga upanga, mrefu, amekaa kwa pembe pembe, kila kitu chake kina ncha. Knolan ni mchawi mzee mwenye joho na fimbo. Red Monika ni nywele nyekundu na kiuno. Watano hao wakisimama paneli moja, yaani kisanduku kimoja cha picha, hakuna anayefanana na mwenzake, na hata ukiwa umelala nusu macho unajua nani kapiga nani. Watu wanadhani hiki ni kitu kidogo. Nenda kasome komiki nyingi za fantasia uone, wanaume watano wote wana ndevu na koti la ngozi, unawatofautisha kwa majina tu.

Kitu cha pili ni uzito. Calibretto akikanyaga unaona ardhi imekubali amekanyaga. Gully akirusha ngumi ile glavu inakuja mbele kabisa ya paneli, inajaza nusu ya ukurasa, na mwili wake mdogo uko nyuma umekunjika kwa nguvu aliyotumia, unaelewa kabisa kwamba mtoto huyu anabeba kitu ambacho si saizi yake. Na hapo mchoro unakuwa unasimulia bila maneno, kumbuka hili maana nitalirudia. Mtoto na glavu za baba yake ambazo hazimtoshi, hadithi nzima iko pale kwenye picha moja.

Kitu cha tatu ni rangi, na hapa sifa ziende kwa Liquid!, yaani Christian Lichtner na Aron Lusen. Kupaka rangi komiki kwa kompyuta kulikuwa bado kuchanga, kazi nyingi za kipindi kile ukiziangalia leo zinachosha macho, rangi zinang'aa hovyo kila mahali, chuma kinang'aa, ngozi inang'aa, mti unang'aa. Hawa jamaa walikuwa mbele. Moto unatoa mwanga unaogusa uso wa mtu kwa upande mmoja tu, chuma cha Calibretto kina kutu na mikwaruzo, uchawi una rangi yake ambayo haifanani na mwanga wa jua. Wino wa Tom McWeeney umewaachia nafasi, haujajaza kila kona. Kurasa nyingine unaweza kuzikata ukatundika ukutani na hakuna atakayejua zimetoka kwenye komiki.

Haya, hadithi.

Mwanzo wake ni mtamu jamani. Aramus ni shujaa mkubwa, jina lake linajulikana kila mahali, ametoweka, hakuna anayejua yuko wapi. Ameacha binti na ameacha jozi ya glavu za kichawi. Wabaya wanazitaka. Binti anavaa glavu anakimbia. Basi. Hapo una kila kitu, una mtoto, una hatari, una swali moja kubwa la baba yuko wapi, na una silaha ambayo pia ni urithi na pia ni mzigo. Ukimsimulia mtu yeyote popote atakuuliza "enhe, ikawaje?" Na dunia yenyewe inavutia, kuna uchawi na kuna mashine za mvuke vimechanganywa, kuna magolem ya vita yaliyokuwa yanapigana zamani na sasa amebaki huyu mmoja, Calibretto, anasakwa na sheria wakati moyo wake ni laini kuliko wa binadamu wengi mle ndani. Mtoto aliyepoteza baba anakutana na mashine ambayo jamii yake imekwisha. Mi hapo tu nilikuwa nimeshashikwa.

Afu inaanza kuchanganya mambo. Anakuja Garrison, mpiga upanga hodari ambaye amefiwa na mke na huzuni imemmaliza, na huyo peke yake anaweza kubeba komiki nzima. Anakuja Knolan, mchawi aliyeishi miaka mia tano, kwa hiyo na yeye ana historia ndefu ambayo komiki inataka uione. Anakuja Red Monika na mambo yake ya wizi na madili. Kuna mfalme na siasa za ufalme. Kila mmoja akiingia anapewa mlango mkubwa wa kuingilia, ukurasa mzima amesimama amepozi, na hadithi inasimama kumpisha. Ni kama daladala inayopakia kituoni, konda anaita tu, abiria wanazidi, gari halitoki.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi maadui wakubwa wanavyopatikana. Wapo wanne, wenye nguvu za kutisha, na wanaingia kwenye hadithi kwa sababu marafiki wa Gully walikwenda kumuokoa Monika kwenye mtego, na katika kumuokoa wakawafungulia hao wanne bila kujua. Sasa fikiria. Tulikuwa tunamfuata mtoto anayekimbia na glavu za baba. Hatari kubwa ya hadithi inatoka wapi? Inatoka kwenye matatizo ya Monika. Gully hakuchagua kitu, hakufanya kosa, hakutaka jambo fulani likaleta jingine, yupo tu anaburutwa. Kuanzia pale steringi wetu amegeuka abiria kwenye komiki yake mwenyewe. Na lile swali la Aramus linawekwa pembeni, linakumbukwa kidogo, linawekwa tena pembeni.

Nilimpa mpwa wangu asome, bado yuko shule ya msingi, anapenda kuchora, nikataka aone yale madude. Alipenda kweli, alikuwa anazirudia kurasa za Calibretto na kuzinakili kwenye daftari lake. Ila alipofika katikati akanifuata, "Anko, kwani Gully kaenda wapi?" Nikamwambia yupo, endelea. Akaendelea. Akarudi, "Anko, hawa wengine wanapigana kwa sababu gani?" Na mimi nikajikuta naeleza vitu vitatu vinne kwa wakati mmoja, mara mfalme, mara mtego, mara huyu alikuwa anajuana na yule zamani, na nikaona uso wake umeshachoka kabla sijamaliza. Mtoto hakuwa na tatizo la kuelewa, Gully na glavu alielewa ndani ya dakika moja. Komiki ndo iliacha kumpa kitu cha kukishika.

Kuna suala la Monika siwezi kuliruka. Amechorwa kwa namna ambayo kila akitokea ukurasa unaacha kazi yake. Kifua kimekuzwa mpaka hakina maana ya mwili wa binadamu, mapozi yake yanamgeukia msomaji badala ya mtu anayeongea naye, na hii ilikuwa fasheni ya miaka ya 90 naelewa, Danger Girl ilikuwa na hayo hayo. Lakini hapa ina gharama ya kihadithi pia, sio ya heshima tu. Monika angeweza kuwa mhusika mzuri, mwanamke mjanja, mwizi, mwenye historia na Garrison. Kila anapoanza kuwa mtu mchoraji anamgeuza bango. Na kwa kuwa anachukua kurasa nyingi, mtoto ambaye hadithi ni yake anazidi kusukumwa pembeni.

Halafu kuna kuchelewa. Aisee. Matoleo tisa tu yalitoka kuanzia Aprili 1998 mpaka Septemba 2001, komiki ambayo ilitakiwa iwe ya kila mwezi. Kati ya toleo la 6 na la 7 ilipita miezi 16. Miezi kumi na sita unangoja kurasa ishirini na kitu, unazipata, nusu yake ni mapigano, unaambiwa itaendelea. Toleo la tisa likaishia njiani, mambo yananing'inia, na la kumi lililokuwa limepangwa likafutwa. Madureira akaacha komiki akaenda kutengeneza magemu.

Wengi wanaoitetea wanasema tatizo lilikuwa hilo tu, kwamba kama angekuwa anatoa kwa wakati hadithi ingekaa sawa. Mi sikubaliani. Leo hakuna kungoja, kuna kitabu kinaitwa Battle Chasers Anthology kimekusanya yote tisa pamoja, unakaa chini unayasoma kwa mkupuo mmoja, na bado unapotea pale pale wanapopotea watu wote. Kuchelewa kulizidisha maumivu tu. Chanzo ni kwamba paneli ziligawiwa kwa kufuata kipi kitapendeza kuchorwa na sio kipi Gully anahitaji kukipitia. Ukisoma kwa mkupuo unaona kabisa, ukurasa wa mapigano unapewa kila kitu, nafasi, pembe, mwanga, moshi, na ukurasa wa watu kuongea unabanwa, maneno yanajazwa kwenye vibofu vidogo, habari muhimu ya dunia nzima inasemwa na mtu mmoja kwa haraka ili turudi kwenye panga. Madureira aliandika mwenyewe, akisaidiwa na Munier Sharrieff, na unahisi maandishi yanakimbizana na michoro iliyokwisha amua mambo.

Linganisha na Crimson ya Ramos. Lebo ile ile, mwaka ule ule, na Ramos na yeye ni mchoraji wa staili kali ya kurefusha miili na kuchezea nyuso. Lakini alikuwa na mwandishi, Brian Augustyn, na hadithi ilikuwa inamfuata kijana mmoja aliyegeuzwa vampaya, ikaenda naye mpaka mwisho, matoleo 24, ikafungwa. Kimchoro ukiniweka chini nichague nachukua Battle Chasers bila kufikiri. Lakini Crimson ina mwanzo, ina kati, ina mwisho, na ukiulizwa inahusu nini unajibu kwa sentensi moja.

Kilichonifanya nifikirie haya yote upya ni gemu. Madureira baada ya kuondoka kwenye komiki alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Vigil Games huko Austin, Texas, wakatoa Darksiders mwaka 2010, na ukiicheza unaona mikono yake kila kona, zile ngumi, yale mabega. Baadaye wakaanzisha Airship Syndicate, na mwaka 2015 wakaenda Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha pesa, kuomba dola 500,000 kutengeneza gemu la Battle Chasers, wakapata na zaidi. Hapo unaona upendo wa watu. Komiki iliyokatika 2001, miaka kumi na nne baadaye watu wanatoa pesa mfukoni. Gemu likatoka Oktoba 2017, Battle Chasers: Nightwar.

Na gemu linaanzaje? Gully anamtafuta baba yake. Yuko na Garrison na Calibretto kwenye chombo cha angani, wanashambuliwa na majambazi wa angani, wanaanguka, na kuanzia hapo kila pango unaloingia na kila dude unalopigana nalo, unajua mtoto yule yuko pale kwa sababu moja, kujua Aramus alipatwa na nini. Wahusika ni wale wale. Knolan na Monika wanaingia baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, na wakiingia wanakuta safari ina mwenyewe. Mapigano ni ya zamu zamu kama magemu ya zamani ya Kijapani. Sisemi ni hadithi ya kutikisa dunia, ni nyepesi, mazungumzo mengine ya kawaida sana. Ila haikupotezi. Nilipokuwa nacheza nilikuwa najisemea, kumbe uzi ulikuwa pale siku zote, ulikuwa unasubiri mtu aushike.

Kwa hiyo nikiongea na wachoraji wetu, na nawaomba mnisome vizuri maana nawaheshimu mno. Nikipita kwenye kurasa zenu naona kazi za kunitoa machozi, mashujaa wa Kiafrika wenye mavazi yaliyofikiriwa, majini, miji mikubwa, silaha, kila mhusika ana karatasi yake ya kumwonyesha mbele, nyuma na pembeni. Nikifungua komiki yenyewe naona kurasa kumi za kutambulishwa. Huyu ni mlinzi wa mlango fulani, huyu ni wa ukoo fulani, huyu ana nguvu ya radi, na vita vilikuwepo miaka elfu iliyopita. Bado sijaona mtu anayetaka kitu. Chukueni kutoka kwa Madureira ile picha ya Gully na glavu zisizomtosha, ile inafanya kazi ya kurasa kumi za maelezo. Chukueni na vivuli vyake, na jinsi anavyotoa uzito. Afu kabla hujachora ukurasa wa kumi na moja jiulize yule wa ukurasa wa kwanza yuko wapi sasa hivi na amesogea hatua ngapi. Na kama kuandika sio kipaji chako tafuta mtu wa kuandika naye, mpe nguvu ya kukuambia huu ukurasa mzuri lakini hautuhusu. Najua inauma kukata ukurasa uliouchora wiki nzima.

Komiki ilifufuliwa Juni 2023, toleo la 10 likatolewa na kampuni ya Image, miaka karibu ishirini na mbili baada ya la 9. Madureira anaandika, na mchoraji ni Ludo Lullabi, ambaye staili yake imelelewa wazi kabisa na ya Madureira mwenyewe, kwa hiyo macho hayapati mshtuko. Wapo wanaolalamika kwamba sio Joe Mad anayechora. Mi naona afadhali. Mtu ambaye hana jukumu la kuchora kila kidole ana muda wa kufikiri mhusika wake anaenda wapi, na nikiambiwa nichague kati ya kurasa mia nyingine za mchoro wa Madureira mwenyewe zisizojua ziendako, na kurasa hamsini za mtu mwingine zinazompeleka Gully hatua moja karibu na baba yake, nachukua hizo hamsini.

Kwa anayetaka kuanza: tafuta ile Anthology usome toleo la 1 mpaka la 3 taratibu, usikimbie, angalia mikono na miguu na mwanga. Ukifika la 4 ukianza kuchanganyikiwa usidhani ni wewe. Maliza yote kwa ajili ya michoro, afu cheza Nightwar kama una mashine ya kuliendesha, ndo urudi kwenye la 10 na kuendelea. Mpwa wangu nimempangia hivyo hivyo, kwa sasa yuko kwenye gemu na anajua Gully yuko wapi.